Mate ya Mpiga Pasi

Jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau. Walimwita Bi Tochi, na hawakumwonea. Mfukoni mwa aproni yake mlikaa tochi ndogo ya chuma, na hakuna shati lililopokewa dukani kwake kabla ya kumulikwa kola, kwapa na mifuko. Akiona doa alimwita mteja alione kwa macho yake, tena alitaje kwa mdomo wake: hili la wino, hili la mafuta, hili Mungu ndiye anayelijua. Wapo waliokasirika wakahamia kwa dobi mwingine, na wapo waliorudi baada ya huyo mwingine kuwapotezea suruali. Bi Tochi hakuwasuta. Aliwamulika tu kama kawaida.

Duka aliachiwa na baba yake. Marehemu alianza maisha akiwa mfuaji wa mashuka hospitalini, akajinyima, akanunua kiwanja na kujenga: mbele kaunta na meza mbili za pasi, katikati mashine na mabeseni, uani kamba za kuanikia, na juu vyumba ambamo Bi Tochi aliishi na mama yake. Mdogo wake wa kiume alikuwa ng'ambo na familia yake, na alishasema mara chungu nzima kwamba hataki hata kibanio kimoja cha nguo. Bi Tochi hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na duka. Na kila aliyemsifia duka alijibiwa lilelile: "Hii ni damu ya marehemu, mwenzangu. Mimi na yeye tumefanana mpaka kukunja uso."

Basi siku moja akaingia mwanamume wa miaka hamsini na ushee, amekumbatia faili kama mtu anayekwenda kudai mafao. Akaweka mashati matatu juu ya kaunta. Bi Tochi akawasha tochi. Kola nyeupe pe. Kwapa safi. Mifuko mitupu. Akarudia kumulika, maana mtu anayefua mashati kwake kisha akayaleta kwa dobi ana lake jambo.

"Haya hayana uchafu," akasema.

"Najua, dada. Nimekuja kwa jambo jingine, nikaona aibu kuingia mikono mitupu."

"Basi tuanze na hilo jambo. Mashati yapumzike."

Mgeni akafungua faili. Mama yake, alieleza, alikuwa mfagizi wa wodi katika hospitali ya mji mwingine, na alifariki bila kumtajia baba yake ni nani. Baada ya mazishi alikwenda kuomba kumbukumbu za zamani. Kwenye vitabu vya vizazi vya hospitali alikuta jina la baba limeandikwa, na kwenye orodha ya wafanyakazi wa miaka ileile akakuta jina hilohilo, mfuaji wa mashuka. Lakini watu hufanana majina. Akapeleka mate yake kwenye kampuni ya ng'ambo inayopima vinasaba, nayo ikamjibu kwamba katika watu iliowahi kuwapima yumo ndugu yake wa karibu, binti mmoja mwanafunzi aliyepima kwa kujifurahisha tu. Binti huyo alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Tochi.

"Kwa hiyo?" Bi Tochi akauliza, ingawa alishaona mazungumzo yanakoelekea.

"Kwa hiyo mimi na wewe ni baba mmoja."

Bi Tochi hakupiga kelele. Alizichukua zile nakala akazimulika moja baada ya nyingine. Mihuri yote ilisomeka, jambo ambalo halikumpendeza. Mihuri ya kweli aliyowahi kuiona maishani ilikuwa madoa matupu. Alipoinua macho alimkuta mgeni anaangalia dari. Kisha mgeni akaangalia meza za pasi, kisha mlango wa kwenda uani.

"Hapa alijenga mwenyewe?" mgeni akauliza kwa sauti ya chini.

Kumbe! Bi Tochi akajiambia. Huyu hakuja kutafuta baba, amekuja kutafuta kiwanja. Uso wake haukusema kitu. Yeye alikuwa bingwa wa uso usiosema kitu.

"Huyo binti ana mama yake," akasema. "Undugu wenu unaweza kuwa umepitia kwa mama. Mimi watu wa huko siwajui, na wewe huenda ni wa huko."

"Inawezekana," mgeni akakubali, na kule kukubali upesi kukazidi kumtia Bi Tochi wasiwasi. "Ndiyo maana nimeleta kichupa. Ukitema mate wewe mwenyewe, ubishi utakwisha."

Alipopanda juu kumweleza mama yake, bi kizee alikuwa anakunja mashuka. Aliliacha shuka nusu, akakaa kitandani.

"Mpe anachotaka aende zake," mama akasema.

"Mama! Mtu kaokota jina kwenye makaratasi, mimi nimpe duka?"

"Sikusema duka. Nimesema aende zake." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na hicho kichupa, umeshatema?"

"Bado."

Mama akalivuta lile shuka magotini. Bi Tochi alimhurumia. Si jambo dogo, kwa umri ule, kuambiwa kwamba mumeo alikuwa na mtoto huko alikotoka. Alidhani amemsoma mama yake barabara, na jambo la mama akaliweka kando.

Kesho yake alimwita mgeni, na akamwita Fundi Saa awe shahidi. Fundi Saa alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, alikuwa rafiki wa marehemu, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Ukitaka jambo lijulikane mtaa mzima bila gharama, mweleze yeye na umwombe asimwambie mtu. Ndiyo sababu Bi Tochi alimchagua.

"Sikiliza, bwana mgeni," akasema mbele yake. "Kipimo kikisema wewe ni mtoto wa marehemu, utapata fungu lako. Kikisema siyo, mguu wako nisiuone tena hapa. Asiye damu ya marehemu hana chake humu ndani. Awe nani, awe ameingia kwa mlango gani, hana chake. Umekubali?"

"Dada, mimi sikuja kwa ajili ya..."

"Umekubali au hukukubali?"

"Nimekubali."

"Fundi Saa, umesikia?"

"Nimesikia kwa masikio yote mawili," akasema Fundi Saa, tayari ameshageuka kwenda kuwasimulia wengine.

Sasa msidhani Bi Tochi alikusudia kutema mate yake kwenye kichupa kile. Mtu asiyeamini noti ya mteja wa miaka ishirini hawezi kuamini kampuni ambayo hajawahi kuiona hata mlango. Alikaa akawaza, akapata mtego, akaupenda mno. Angetia mate ya mtu baki, mtu asiye na undugu hata wa kusingiziwa. Kampuni ikijibu kwamba hakuna undugu, mgeni atashika njia. Ikijibu kwamba undugu upo, itakuwa imeumbuka yenyewe, na mgeni pamoja nayo, kwamba ni kundi moja la matapeli. Kwa vyovyote vile mgeni angeondoka. Bi Tochi alicheka peke yake mpaka akajiziba mdomo na taulo la mteja.

Mtu baki alikuwa karibu sana. Alikuwa mezani anapiga pasi.

Mpiga pasi huyo walimwita Kimya, kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Marehemu alimleta kwa mkono akiwa mvulana aliyekatisha shule, akamsimamisha mbele ya meza na kumfundisha kunyoosha mkunjo wa suruali, na tangu hapo meza ile haikupata mtu mwingine. Kimya alikuwa mdogo kwa Bi Tochi kwa mwaka mmoja tu, lakini alimwita bosi. Chakula alilia uani, kwenye benchi la kufulia. Hakuna aliyemwambia ale huko, na hakuna aliyemwambia aache.

"Kimya, tema humu mpaka kwenye mstari."

"Cha nini, bosi?"

"Kipimo cha kifua. Mvuke wa pasi siku hizi wanasema si mzuri."

Kimya aliguswa. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza habari za kifua chake. Alitema taratibu, kwa heshima, akafuta mdomo wa kichupa kwa kitambaa safi kabla ya kukirudisha. Bi Tochi akaandika jina lake yeye kwenye karatasi ya kisanduku, akakifunga, na akamsindikiza mgeni mpaka posta asije akakibadilisha njiani.

Yakafuata majuma ya kusubiri, na Bi Tochi hakuyapoteza bure. Mgeni alikuwa anapita kila Jumamosi, na kila Jumamosi alichunguzwa. Alinunua soda akaacha chenji: anataka aonekane hana shida. Alimsalimia Kimya kwa kumpa mkono: anajikusanyia watu. Aliomba kuona picha ya marehemu: anataka kujifunza sura, aigize. Bi Tochi akamwambia picha zote zimeliwa na mchwa. Ilhali picha ilikuwa juu, ukutani, kwenye fremu, hata vumbi haina.

Kilichomsumbua ni mama. Bi kizee alikuwa hashuki tena. Chakula alikigusa gusa tu. Siku moja aliuliza tena, "Ulitema?" na Bi Tochi, ambaye hakutaka siri ya mtego ivuje hata kwa mama yake mzazi, akajibu, "Nilitema." Mama akageukia ukutani. Bi Tochi akazidi kumchukia mgeni kwa kumtesa mama wa watu kwa uchafu wa zamani.

Majibu yalikuja. Mgeni alifika mchana, duka limetulia. Fundi Saa aliingia nyuma yake bila kuitwa, lenzi yake bado imening'inia shingoni. Kimya alikuwa mezani na shati la mtu. Na mama, ambaye hakuwa ameshuka tangu mambo haya yaanze, alionekana kwenye ngazi, anashuka hatua kwa hatua, ameshika ukuta.

"Rudi juu, mama, nitakuja kukwambia."

"Nitasikia mwenyewe," mama akasema, akakaa kwenye gunia la nguo chafu.

Mgeni akatoa karatasi. "Wanasema mwenye mate haya na mimi ni ndugu. Baba mmoja, mama mbalimbali."

Bi Tochi alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kama mwali anavyosubiri harusi. Akapiga meza kwa kiganja. "Fundi Saa, umesikia? Umemsikia tapeli? Mate yale si yangu!"

"Najua," akasema mgeni.

Ule mkono wa Bi Tochi ukabaki juu ya meza.

"Unajua nini?"

"Najua si yako. Fomu ilisema mwanamke, na kipimo kikaonyesha mate ni ya mwanamume. Kampuni iliniandikia kuuliza. Nilidhani ni ya mdogo wako, labda alikuja likizo, nikasema nisikuaibishe. Bado ni mtoto wa baba, si kitu."

"Mdogo wangu hajakanyaga hapa miaka mingapi! Mate yale ni ya Kimya! Ya mpiga pasi! Mtu baki kabisa, kaokotwa huko, na kampuni yenu inasema..."

Hakumaliza. Alisikia mwenyewe anachokisema. Mgeni alikuwa ameshageuka kumtazama Kimya, na Fundi Saa naye, na sasa Bi Tochi akamtazama, pengine kwa mara ya kwanza bila kutafuta kasoro ya kazi. Alikuwa na mabega ya marehemu. Alisimama kama marehemu, uzito mguu mmoja. Kitu hicho kilikuwa mbele ya macho yake siku zote, na yeye na tochi yake walikuwa wanahangaika na kola.

Kimya aliweka pasi wima. "Bosi, uliniambia kipimo cha kifua."



"Mama yangu aliniambia baba alikufa kabla sijazaliwa," Kimya akaendelea, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. "Mzee siku ya kuzikwa nilisimama nyuma, na wafanyakazi. Nilisimama nyuma!"

"Hapa kuna uongo," Bi Tochi akasema. "Kampuni haiaminiki. Mimi siiamini."

"Basi tema wewe," akadakia Fundi Saa, ambaye hakuwa na nia mbaya; alikuwa tu hajui kunyamaza. "Tema mate yako, sote tunaona. Yakifanana na ya hawa wawili, imekwisha."

"Nimekuja na kichupa kingine," mgeni akasema kwa upole. "Nilitaka nikuombe hivyohivyo."

Bi Tochi akakipokea kwa hasira. Akang'oa kifuniko kwa meno, kwa maana hajawahi kuwa na uhakika wa kitu kama alivyokuwa na uhakika wa hiki, akakileta mdomoni.

"Usiteme!"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye gunia, mkono mbele, na uso wake Bi Tochi hakuwahi kuuona hivyo hata siku ya msiba.

"Usiteme, mwanangu. Nakuomba."

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka kule katikati na hakuna aliyekwenda kuizima. Bi Tochi alishusha kichupa polepole. Mtu aliyemshuku kila aliyeingia mlango ule, wauza sabuni, wasoma mita, wachumba wawili waliokuja kwa nia njema wakakimbia, hakuwahi hata siku moja kujishuku mwenyewe.

"Baba alijua?" akauliza.

"Alijua. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu alipokuja kuposa. Alisema mtoto huyu ni wangu, na asije akaniuliza mtu." Mama alikaa tena. "Hakunisema hata siku moja. Kisha akaja kunikosea yeye, na mwanamke mwingine, akaja kuniambia ana mtoto. Mtoto alipokua akataka kumleta nyumbani. Nikamwambia aje, apige pasi, ale, alipwe, lakini ngazi ile asiipande na jina asipewe. Wangu kapewa jina, wake akapewa pasi. Mzee akakubali, maana alikuwa na deni kwangu na mimi nina deni kwake."

Fundi Saa alikuwa anatazama viatu vyake. Huo mdomo hatimaye ulikuwa umepata breki.

"Mimi sikuja kuleta haya," mgeni akasema, anarudisha karatasi kwenye faili bila kuzipanga. "Jamani, wallahi sikuja kuleta haya. Nilitaka kumwona sura tu."

Bi Tochi alimsikia na akamwamini, na kule kumwamini kukamuumiza zaidi. Angempa ile picha siku ya kwanza, haya yote yangelala. Sasa masikioni mwake yalikuwa yanarudi maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwa sauti, mbele ya shahidi aliyemchagua kwa mdomo wake mpana. Asiye damu ya marehemu hana chake humu ndani. Awe nani, awe ameingia kwa mlango gani. Alimtazama Kimya akasubiri ayaseme. Kama yeye ndiye angekuwa Kimya, angeshayasema, tena angetaka yarudiwe.

Kimya hakuyasema. Alichomoa waya wa pasi ukutani. Alilikunja lile shati la mtu, kola juu, mikono nyuma, akaliweka kwenye rafu. Kisha akafungua aproni, akaishika kwa muda kana kwamba hajui mahali pa kuiweka, akaiacha juu ya meza. Alimpita mama bila kumtazama, akampita mgeni, akaelekea mlango wa mbele, mlango wa wateja, ambao hakuwahi kuutumia.

"Unakwenda wapi?" Bi Tochi akauliza.

"Sijui, bosi. Niacheni nifikirie."

"Utarudi?"

Kimya akazidi kwenda. Bi Tochi akatoka nyuma ya kaunta. Alitaka kumwambia asamehe, na alitaka kumwambia asimfukuze, na aliona aibu kwamba hili la pili ndilo lililotangulia mdomoni.

"Kaka," akaita.

Kimya akasimama kizingitini. Lakini hakugeuka.